Ufunguo wa Funguo Nyingi: Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kutunza Nywila kwa Ajili ya Jamaa Nyumbani

UTANGULIZI

Kata ya Makuyuni imo katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, jirani na Wilaya ya Handeni. Katika sehemu hizo, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, akiba ya nyumbani ilihifadhiwa zamani kwa njia iliyoeleweka na kila mtu. Fedha za mahindi au mshahara wa shamba la mkonge ziliwekwa sandukuni, sanduku likafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukafundikwa katika pindo la khanga ya mama mwenye nyumba. Kufuli lilikuwa moja na ufunguo mmoja.

Siku hizi kufuli zimekuwa nyingi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo kufuata, mkulima hupokea bei ya mazao yake kwa simu na kuilinda kwa namba ya siri. Mwalimu aliye kazini huingia katika mfumo wa watumishi wa ESS kwa nywila. Kijana aombaye mkopo wa masomo hufungua akaunti katika mtandao wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo pia hutaka nywila. Juu ya hizo kuna barua pepe, ambayo ndiyo mlango wa kurudishia nywila nyingine zote zinaposahauliwa.

Mwanafunzi wa sekondari ndiye mara nyingi fundi wa simu nyumbani kwao. Arudipo likizo, bibi, baba au mjomba humkabidhi simu na kumwambia, "Mwanangu, hebu nitengenezee." Analolichagua siku hiyo laweza kulinda akiba ya mwaka mzima, au kuifungia mahali ambapo hata mwenyewe hataifikia tena. Makala haya yanaeleza misingi ya kufanyia uchaguzi huo.

AINA MBILI ZA SIRI

Hapana budi kutofautisha namba ya siri na nywila, kwa sababu hulindwa kwa njia mbili tofauti.

Namba ya siri ya akaunti ya fedha za simu huwa na tarakimu nne. Kila nafasi yaweza kujazwa na tarakimu mojawapo kati ya kumi. Kwa hiyo namba zote zinazowezekana ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Kwa kompyuta hesabu hiyo ni ndogo mno. Kinachoilinda namba hiyo si wingi wake, bali ni kanuni ya mtandao wa simu: mtu akikosea mara chache mfululizo, akaunti hufungwa. Mwizi mwenye nafasi tatu za kubahatisha ana fursa 3 tu kati ya 10,000.

Fursa hiyo hubadilika mara moja mwenye akaunti anapochagua mwaka wa kuzaliwa. Miaka yote kuanzia 1940 hadi 2025 ni 86. Mwizi ajuaye desturi hiyo ana fursa 3 kati ya 86. Imeongezeka zaidi ya mara mia moja. Na kama mwizi huyo ni jirani ajuaye mwaka aliozaliwa kitinda mimba wa nyumba hiyo, hana haja ya kubahatisha hata kidogo.

Nywila hulinda akaunti za intaneti. Hatari yake kubwa haiko mlangoni bali ghalani: orodha ya nywila za watu wengi huweza kuibwa kutoka katika kompyuta ya kampuni au ofisi. Mwizi akiisha kuichukua orodha kwenda nayo kwake, hakuna kanuni ya kumfungia baada ya makosa matatu. Hujaribu mchana na usiku. Akiipata nywila moja, huipeleka katika barua pepe na akaunti nyingine za mtu yuleyule. Kwa sababu hiyo, kutumia nywila moja kila mahali ni sawa na kutengeneza ufunguo mmoja wa nyumba, ghala, duka na zizi.

FUNZO LA HISTORIA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa kugawana muda. Fernando Corbató na wenzake walimpa kila mtumiaji neno lake la siri. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliyehitaji muda zaidi wa kutumia kompyuta, aliiagiza mashine ichape faili lenye maneno ya siri ya watu wote. Mashine ikatii. Orodha ilikuwa imeandikwa waziwazi, bila kufichwa.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza dawa ya kasoro hiyo. Badala ya kuiweka nywila yenyewe, kompyuta huisaga kwa hesabu ya upande mmoja na kuweka matokeo tu. Mfano wake ni mahindi na unga: kusaga ni rahisi, lakini hakuna mashine ya kuurudisha unga uwe punje. Mtu akija na nywila yake, kompyuta huisaga upya na kulinganisha unga kwa unga.

Hata hivyo, watafiti hao waligundua udhaifu mwingine, nao ulitoka kwa watu. Walikusanya nywila 3,289 zilizochaguliwa na watumiaji. Kati ya hizo, 2,831, yaani asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zilipatikana kwa urahisi katika kamusi na orodha za majina. Binadamu hachagui ovyoovyo kama adhaniavyo. Huchagua jina la mtoto, la mji au la timu ya mpira.

HESABU YA NYWILA

Dawa ya tabia hiyo ni kuiachia bahati nasibu ichague. Mwaka 1995 Arnold Reinhold wa Marekani alitangaza njia ya kutumia dadu. Orodha ya maneno 7,776 hupewa namba, na kila neno huchaguliwa kwa kurusha dadu mara tano, kwa kuwa 6 × 6 × 6 × 6 × 6 = 7,776. Darasa laweza kutunga orodha yake fupi ya maneno 216 ya Kiswahili na kurusha dadu mara tatu kwa kila neno.

Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya nywila zinazowezekana, na muda wa kuzijaribu zote, ikichukuliwa kuwa mashine ya mwizi hujaribu nywila 1,000,000,000 kwa sekunde.

Tarakimu 4: nywila 10,000, chini ya sekunde moja.
Maneno 4 kutoka orodha ya 216: nywila 2,176,782,336, sekunde 2 hivi.
Herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu: nywila 208,827,064,576, dakika 3 na nusu.
Maneno 6 kutoka orodha ya 216: nywila 101,559,956,668,416, saa 28 hivi.
Maneno 5 kutoka orodha ya 7,776: nywila kama 28,000,000,000,000,000,000, miaka 900 hivi.

Jedwali linafundisha mambo mawili. Kwanza, kuongeza neno moja huzidisha kazi ya mwizi, hakuiongezi tu. Pili, mfululizo kama "mkonge kibatari daraja fenesi ngoma kitasa" hukaa akilini mwa mzee kuliko herufi na alama zilizochanganywa, nao una nguvu, mradi umechaguliwa kwa dadu. Methali ijulikanayo na watu wote haifai hata ikiwa ndefu, kwa sababu mwizi naye anazo methali.

PROGRAMU YA KUTUNZA NYWILA HUFANYAJE KAZI?

Programu ya kutunza nywila ni sanduku la kisasa. Ndani yake huwekwa nywila za akaunti zote, kila moja ikiwa tofauti na ndefu, nayo programu yenyewe huzitunga. Mwenye sanduku hukumbuka nywila moja tu, iitwayo nywila kuu.

Yaliyomo husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo kwa hesabu. Njia itumiwayo sana ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kukubaliwa kuwa kanuni ya serikali ya Marekani mwaka 2001. Ufunguo wa fumbo hilo hupatikana kwa kuisaga nywila kuu, si mara moja, bali mara nyingi mno; baadhi ya programu hurudia hesabu mara 600,000. Kwa mwenye sanduku ucheleweshaji huo ni wa kitambo kidogo tu. Kwa mwizi ni balaa: majaribio yake 1,000,000,000 kwa sekunde yakigawanywa kwa 600,000 yanabaki 1,667 hivi. Maneno sita ya orodha ya 216, yaliyokuwa ya kuvunjwa kwa saa 28, sasa yanahitaji miaka 1,900 hivi.

MAMBO SITA YA KUCHUNGUZA KABLA YA KUCHAGUA

1. Je, mhusika anaihitaji? Mwenye simu ndogo ya vibonye, ambaye siri yake ni namba moja ya fedha, hana haja ya programu, wala simu yake haiwezi kuibeba. Anahitaji namba isiyobahatishika na mahali salama pa kuweka nakala. Programu ni ya mtu mwenye simu janja na akaunti kadhaa za intaneti.

2. Je, mtengenezaji anaweza kuyasoma yaliyomo? Programu njema huyasimba yaliyomo ndani ya simu kabla ya kuyatuma popote, na nywila kuu haiondoki katika simu. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za masanduku ya wateja wa kampuni ya LastPass. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, na waliokuwa na nywila kuu dhaifu ndio waliobaki katika hatari kubwa. Usimbaji ulisaidia, lakini haukuweza kumsaidia aliyechagua ufunguo mwepesi.

3. Je, ujenzi wake unaweza kukaguliwa? Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha nchini Ufaransa, aliandika kuwa mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa ujenzi wake. Utegemee ufunguo peke yake. Programu za KeePass, iliyoanzishwa na Mjerumani Dominik Reichl mwaka 2003, na Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016, msimbo wake uko wazi kwa wataalamu wa dunia nzima kuukagua.

4. Je, hufanya kazi mtandao unapokosekana? KeePass huweka kila kitu katika faili moja ndani ya chombo cha mwenyewe. Haihitaji intaneti, lakini mwenyewe hana budi kufanya nakala. Bitwarden huhifadhi nakala iliyosimbwa katika kompyuta za mbali, hivyo simu ikianguka kisimani sanduku halipotei. Kwa mzee asiye na desturi ya kufanya nakala, njia ya pili mara nyingi ina salama zaidi.

5. Je, simu ikipotea kesho, atairudishaje? Swali hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Akaunti ikitegemea namba ya simu, ikumbukwe kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Laini ikisajiliwa kwa kitambulisho cha jamaa, ni jamaa huyo, si mzee, awezaye kuirudisha.

6. Je, ataitumia peke yake? Mtunza nywila aliyemo tayari ndani ya simu, kama ule wa Google katika simu za Android au wa Apple katika simu za iPhone, hauhitaji kusakinishwa wala kulipiwa, nao hujaza nywila wenyewe. Una upungufu wa kufungamana na akaunti ya kampuni moja: akaunti hiyo ikipotea, vyote hupotea. Lakini programu ya kawaida inayotumiwa kila siku ni bora kuliko programu bora iliyoachwa baada ya wiki moja.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ichukuliwe nyumba ya Makuyuni yenye watu watatu. Bibi ana simu ya vibonye na hupokea fedha kutoka kwa watoto walioko mjini. Baba ni mwalimu mstaafu mwenye simu janja, barua pepe na akaunti nne za intaneti. Kijana yuko kidato cha sita na anajiandaa kuomba mkopo.

Kuwapa wote watatu programu moja kwa sababu ndiyo inayosifiwa si sayansi. Bibi abadilishe namba yake ya siri, ichaguliwe kwa bahati nasibu, na aikariri. Nakala iandikwe katika karatasi, itiwe ndani ya bahasha iliyogandishwa, ifungiwe sandukuni mbali na simu. Karatasi hudharauliwa na vijana, lakini mdukuzi aliye ng'ambo ya bahari hawezi kuisoma. Wakala wa fedha asiambiwe namba hiyo hata akiwa mtu mwema; bibi abonyeze mwenyewe, na asiyeona vizuri asaidiwe na mtu mmoja wa nyumbani aliyemchagua yeye.

Baba anafaa mtunza nywila wa simu yake au Bitwarden. Jambo la kwanza kubadilishwa ni nywila ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo mlango wa milango. Nywila kuu itungwe kwa dadu mbele yake, aiandike kwa mkono wake, na aiingize kila siku kwa majuma mawili hadi vidole viizoee.

Kijana anaweza kutumia KeePass na kujifunza kazi ya kufanya nakala. Lakini asiyafanye makuu yake kuwa mzigo wa baba. Mpangaji wa mfumo huenda chuoni. Mtumiaji hubaki nyumbani na simu yake.

UFUNGUO UKIPOTEA, AU MWENYEWE ASIPOKUWAPO

Mtu huugua, husahau, na hufariki. Siri isiyojulikana na mwingine yeyote huzikwa pamoja na mwenyewe. Baadhi ya familia hugawa nywila: maneno matatu kwa mtoto aliye Korogwe, matatu kwa aliye Handeni. Hesabu inaonyesha udhaifu wa njia hiyo. Mtoto mwenye maneno matatu amebakiza 216 × 216 × 216, yaani nywila 10,077,696. Kwa majaribio 1,667 kwa sekunde, anamaliza kwa muda wa saa 1 na dakika 41. Tena, mmoja akipoteza karatasi yake, sanduku halifunguki.

Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha njia bora, ambayo msingi wake ni mstari ulionyooka. Siri iwe 37. Uchorwe mstari y = 5x + 37. Mtoto wa kwanza apewe nukta (1, 42), wa pili (2, 47), wa tatu (3, 52). Watoto wowote wawili wakikutana wanaweza kuuchora mstari na kuona unapokata mhimili wa y, yaani 37. Mmoja peke yake hawezi, kwa sababu katika nukta moja hupita mistari isiyo na idadi. Katika matumizi halisi hesabu hizi hufanywa kwa mabaki ya kugawanya kwa namba tasa, ili nukta moja isidokeze lolote.

Familia nyingi hazihitaji kufika huko. Bahasha moja iliyogandishwa, ikiwekwa kwa mtu mwaminifu asiyeishi na simu hiyo, inatosha. Bitwarden pia ina njia ya dharura kwa wanaolipia: mtu aliyeteuliwa huomba kufunguliwa, na mwenyewe asipokataa katika siku zilizopangwa, hufunguliwa.

MIPAKA YA KUFULI

Programu hizi zina faida ambayo mzee huipata bila kujua: hukataa kujaza nywila katika tovuti bandia, kwa kuwa hulinganisha anwani herufi kwa herufi, kazi ambayo jicho la binadamu hushindwa. Lakini haziwezi kumzuia mtu kutoa siri kwa mdomo. Ujumbe maarufu usemao "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji kuvunja nywila yoyote. Hutegemea haraka ya mpokeaji. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kupitia namba 15040. Na mwenye kitambulisho cha taifa aweza kubonyeza *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake.

Kadhalika, kumsaidia mzee si kummiliki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, nayo haimtofautishi mgeni na mjukuu. Fundi mwaminifu huondoka akiwa hana nywila ya mtu katika simu yake.

KAZI ZA DARASANI

1. Darasa litunge orodha ya maneno 216 ya Kiswahili, yenye herufi nne hadi nane, yasiyofanana kwa sauti. Kila kikundi kirushe dadu na kutunga nywila ya maneno sita. Baada ya wiki moja, wangapi wanaikumbuka? Nywila hizo zisitumiwe popote.

2. Namba ya siri imechaguliwa kuwa siku na mwezi wa kuzaliwa. Kuna namba ngapi zinazowezekana? Linganisha fursa ya mwizi mwenye majaribio matatu na ile ya namba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

3. Watoto wawili wana nukta (1, 61) na (3, 87) za mstari ulionyooka. Siri ya familia ni namba gani?

4. Kila mwanafunzi aandike, bila kutaja majina wala siri zenyewe, akaunti ngapi ziko nyumbani kwao, ni ngapi zinatumia nywila moja, na ni ngapi ambazo zingepotea kabisa iwapo simu moja ingeibwa leo.

5. Mjadala: "Daftari lililofungiwa kabatini ni salama kuliko programu." Kila upande utaje kwanza mwizi unayemwogopa ni nani, wa kijijini au wa mbali, kabla ya kutoa hoja zake.